Kwa Marehemu Mzee Randriambelo, Kuhusu Paa Langu

Ambohitsoa, nje ya Antsirabe
Alhamisi, 14 Agosti

Kwa Marehemu Mzee Randriambelo, Fundi Mwashi,
Kaburi la Ukoo, chini ya mashamba ya mpunga,
Ambohitsoa.

Mheshimiwa Marehemu,

YAH: NYUMBA NILIYOJENGEWA NA MWANAO TOKY, NA KASORO ZAKE AMBAZO HAZIJAREKEBISHWA

Kabla ya yote naomba radhi. Mimi si mkubwa wa kusema mbele ya wakubwa. Wako wakubwa zangu waliostahili kukuandikia, lakini hao wana nyumba zisizovuja na kwa hiyo hawana la kusema. Naomba radhi kwa jua, kwa ardhi, kwa wazee wa kaskazini na wa kusini, kwa waliolala rafu ya juu kaburini mwenu na waliolala rafu ya chini, na kwa karani mwenzangu ambaye wino huu ni wake. Lawama ikinijia na inipite, iangukie paa langu, ambalo limezoea kupitisha kila kitu.

Jina langu ni Herilanja Rafaralahy, karani wa vizazi na vifo hapa Ambohitsoa. Huenda unanikumbuka. Nilikuandikisha mwenyewe miaka saba iliyopita, ukurasa wa mia na kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta hata herufi moja. Silitaji hili kwa kusimanga. Nataka tu ujue kwamba shughuli yako ilifanywa ipasavyo na mtu aliye hai, na sasa mtu huyo huyo ana shida.

Kesho ukoo wako utalifungua kaburi, utakutoa, utakuvika sanda mpya ya hariri na kucheza nawe. Nimealikwa kula wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Barua hii nitakuja nayo mfukoni, na dada yako, Bibi Razanamalala, amekubali kuichomeka kwenye sanda upande wa sikio la kulia. Anasema la kushoto hukulisikilizia hata ulipokuwa hai.

Nakuandikia wewe, si Toky, kwa sababu Toky nimemwandikia barua kumi na nne. Ile ya kumi na moja niliikuta sokoni imefungiwa vitumbua.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wangu Saholy amerudi kwao. Sikumwacha wala hajaniacha. Amejitenga tu, kama mke mwenye haki yake anavyojitenga, na mume hutakiwa aende kwa wakwe, aseme maneno mazuri, amrudishe nyumbani. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza baba mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, binti yangu nilikupa mkavu. Nionyeshe mahali pakavu ndipo umchukue." Mara ya pili hakuningoja hata nianze. Aliuliza neno moja, "Paa?" Nikainamisha kichwa. Nikaongezewa wali, nikala, nikarudi peke yangu. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na nimepewa hadi mvua ya kwanza ya Novemba. Mvua hiyo ikinikuta na paa hili, Saholy atabaki kwao, nami nitabaki na ndoo zangu saba. Sitaki ndoo, mzee. Namtaka Saholy.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Nyumba imegeuka. Kila mtoto anajua kwamba nyumba ya mtu mwenye akili hutazama magharibi, na kwamba pembe ya kaskazini mashariki ni ya wazee, mahali pa kusimama mtu akiomba baraka. Toky aliishika ramani kichwa chini. Simsingizii, nilimwona kwa macho yangu, ila nilidhani ndivyo mafundi wanavyosoma. Matokeo yake mlango wangu unatazama mashariki, na pembe ya wazee ndiyo choo. Nilipomlalamikia alipinda shingo, akaitazama nyumba, akalitazama jua, akasema, "Kaka, nyumba haina tatizo. Jua ndilo linatokea upande usiofaa." Akatushauri tuzoee. Hatukuzoea. Nani ataketi pale mbele ya babu zake? Tangu tulipohamia hakuna aliyekitumia choo hicho. Twenda kwa jirani, naye sasa anatusalimia kwa ufupi sana. Kimebaki kisafi kama madhabahu, na ndicho chumba pekee cha nyumba nzima ambacho mlango wake unafunga na dari yake haipitishi hata tone.

2. Paa. Mvua ya nje ikinyesha saa moja, ya ndani hunyesha saa tatu, maana paa hukusanya kwanza, likatafakari, ndipo likatoa. Kitanda tumekisogeza mara tisa na mvujo umekifuata mara tisa. Toky alikuja akasimama chini yake, akalowa hadi kwenye kola, akasema haoni tatizo. Hata hivyo Saholy alivumilia. Naomba hilo lifahamike huko uliko: alivumilia msimu mzima, akishika mwavuli kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Hakuondoka kwa sababu ya paa. Aliondoka kwa sababu ya lalamiko la tatu.

3. Ngazi. Vidato vya chini ni vipana, vya kati ni vyembamba, na vya juu ni vya kumsimamisha kuku. Mtu anaweza kupanda, kwa kuwa anatazama mbele na hajui anakokwenda. Kushuka hawezi, kwa kuwa sasa anajua. Mnamo Machi alikuja mama mkwe wangu, Mama Bakoly, mwanamke mnene na wa heshima, kukagua mahali anapolala binti yake. Alipanda. Hakushuka. Alikaa orofani siku nne. Wali tulimpandishia kwa ndoo, naye maneno yake aliyashusha bila ndoo. Siku ya pili nilimwita Toky. Alisimama chini, akainua uso, akasema kwa adabu, "Mama, huko juu si pazuri? Upepo mwanana, na mashamba yote unayaona." Akaahidi kuja Jumatatu.

Siku ya nne tuliamua. Tulimviringisha mama mkwe kwenye mkeka ili asichubuke, tukamfunga kamba ili asiteleze, tukampitisha dirishani, wanaume sita tukampokea mabegani. Mlango, kama nilivyokueleza, uko upande usiofaa, kwa hiyo ilibidi tuizunguke nyumba. Sasa fikiria wewe mwenyewe, mzee. Majirani waliona mtu amefungwa mkekani, juu ya mabega ya wanaume sita, akizungushwa taratibu. Wakadhani kile ambacho kila mtu wa huku angedhani: marehemu ametolewa kaburini achezwe. Mmoja akakimbilia tarumbeta. Mwingine akatoka na ngoma. Na miguu ya mtu wa huku, bega likiwa na mzigo wa namna ile na tarumbeta likilia, haiombi ruhusa kwa mwenyewe. Sitaki kumtaja mtu aliyeanza kucheza. Tulizunguka mara saba, kwa heshima zote. Mama Bakoly alikuwa akipiga kelele, lakini tarumbeta lilikuwa jipya. Ajuza mmoja alijipenyeza akamnong'oneza amsalimie mumewe. Wanawake wawili waliokosa watoto walirarua vipande vya mkeka wakavificha chini ya mito yao, maana mkeka wa marehemu huleta uzazi. Mmoja, nasikia, amefanikiwa.

Jioni ile Saholy alifunga mizigo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umemcheza mama yangu akiwa hai," akachukua mwavuli, akaenda zake.

4. Madirisha. Haya nitayazungumzia nikipata afya.

5. Siku. Mzee, mwanao hakatai kurekebisha. Angekataa, ningejua moja. Yeye ana siku. Jumatatu haifai kuanzia jambo, kwa sababu lililoanza Jumatatu huburuta wiki nzima. Jumanne ni mwiko kugusa udongo. Nikamwambia paa si udongo. Akasema bati hutoka ardhini. Jumatano ni siku isiyorudi, kwa hiyo fundi akipanda paani Jumatano hatashuka, na mfano wa watu wanaopanda kwangu wasishuke ninao. Alhamisi nayo ni mwiko. Ijumaa ni siku ya watu wa nasaba kubwa, na yeye, anasema kwa unyenyekevu, ni mtoto wa mwashi. Jumamosi ni gulio. Jumapili ni kanisani, ingawa mchungaji ananiuliza mimi Toky yuko wapi. Nilipomuuliza basi nyumba yangu aliijenga siku gani, alihesabu siku kwa vidole, akasema, "Ndiyo maana, kaka."

6. Kaburi. Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, na naomba sikio la kulia ulitege vizuri.

Miaka minane iliyopita ukoo wangu uliagiza kaburi jipya kutoka kwenu. Toky ndiye aliyekuja kuzungumza nasi, Toky ndiye aliyepeana nasi mkono. Sikumbuki kukuona wewe ila siku moja tu: ulikuwa umeketi juu ya jiwe, unakohoa, umekataa ramu yangu, na kila nilipopita ulikuwa unalipiga jiwe fulani kwa fimbo na kuamuru liondolewe. Nilidhani ni uzee, nikakuonea huruma. Lakini kaburi lile, mzee! Linatazama magharibi. Ngazi zake unashuka umefumba macho. Mlango wa jiwe unaufunga kwa kidole kimoja. Mvua zimepiga miaka minane, na mwaka jana tulipomtoa bibi yangu alikuwa mkavu kuliko mchele ulio ghalani. Nilisimama mle ndani, nikashika ukuta, na sioni haya kusema kwamba nililia, nikidhani ninamlilia bibi.

Fundi ni yule yule. Saruji ni ile ile. Mteja ni yule yule. Kilichotofautiana ni kimoja: kule wakaaji wamekufa, huku tunapumua. Basi nimefikia uamuzi huu: Toky anawaogopa wafu tu. Mfu akikosewa humwendea mtu ndotoni, akasema anasikia baridi, na ukoo mzima hukosa raha hadi atengenezewe. Mimi nikisikia baridi naambiwa nisubiri Jumatatu.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya mambo haya.

Kwanza, umtokee Toky ndotoni. Tafadhali usidai sanda, sanda utakuwa nayo. Umwambie baridi unayoisikia inatoka kwenye paa la Herilanja. Lugha nakuachia mwenyewe, ila kama ile fimbo unayo, nenda nayo.

Pili, kama ruhusa ya kutoka haipatikani, nikubaliwe kuhamia kaburini kwetu. Nimepima. Rafu ya bibi ina nafasi ya watu wawili wakilala ubavu. Nilimtuma shemeji yangu, mdogo wake Saholy, amweleze dada yake jambo hili kwa upole. Jibu lililorudi ni, "Mwambie kaburini nitakwenda kwa zamu yangu."

Tatu, na hili ni la mwisho kabisa, nitajiandikisha kifo. Kitabu ninacho, muhuri ninao. Nimekwisha kujaza jina, umri na sababu ya kifo, "nyumba." Imebaki sahihi. Nikishaingia kitabuni nitakuwa mteja wa aina ile ambayo mwanao anaiheshimu, na paa litatengenezwa kabla ya Novemba. Hesabu yangu inakwama mahali pamoja tu: mfu hawezi kwenda kwa wakwe zake kumchukua mkewe. Mara tatu nimeketi mbele ya kitabu hicho, na mara tatu nimekirudisha kwenye droo. Ndiyo maana nimekuomba ndoto kwanza.

Nimalize kwa kuwasalimia wote wa huko. Nisalimie mkeo, Bibi Ravololona, na kaka zako wawili. Nisalimie mwalimu wangu wa hesabu, aliyelala rafu ya chini upande wa kusini, umwambie bado sijui kugawanya. Walio hai wote hapa hawajambo, wanavuja kidogo.

Wako mtiifu, mwenye kulowa,

Herilanja Rafaralahy
Karani wa Vizazi na Vifo

Tanbihi. Jumatano, 20 Agosti.

Mzee, barua hii haikuingia kwenye sanda, na unajua sababu.

Ijumaa walipolifungua kaburi lenu, maji yalitoka kabla yako. Maji ya mfereji wa mpunga, hadi magotini, na rafu ya juu ilikuwa imelala juu ya rafu ya kati. Tarumbeta lilinyamaza. Toky alisimama mlangoni, suti mpya, viatu vipya, akaingia hivyo hivyo majini, akakubeba peke yake, akakaa nawe nje kwenye majani akilia, "Baba, nisamehe, baba, umelowa." Nilikuwa na barua mkononi. Nikairudisha mfukoni.

Nilimwambia dada yako sielewi, fundi aliyejenga kaburi la kwetu amewezaje kujenga hili. Akanitazama. "Wewe karani mzima, hujui? La kwenu alilijenga marehemu. Toky alikuwa anachanganya mchanga. Kila jiwe aliloliweka mtoto, baba alilibomoa kwa fimbo. Hili alilijenga Toky peke yake, kaka yangu alipokwisha kufa." Basi malalamiko yangu yote sita yamesimama juu ya msingi uliokosewa. Mwanao hakuwahi kuwaogopa wafu. Aliiogopa fimbo, na fimbo tuliizika nawe. Nami nakushukuru kwa ukuta ule nilioulilia, maana nilikuonea huruma siku ile, na aliyestahili kuonewa huruma ni mimi.

Mnajimu wa kijiji, mpanga siku za kufungua makaburi, akasema huwezi kurudi majini na huwezi kulala njiani. Ulazwe pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba yoyote, kwenye chumba kikavu chenye mlango unaofunga, hadi kaburi litengenezwe. Kwa Toky haikuwezekana, maana mganga hajigangi: yeye anaishi kwa shemeji yake, na nyumba yake inangoja paa mwaka wa sita. Kisha kijiji kizima kikanigeukia mimi, kwa sababu hakuna mtu hapa ambaye sijamweleza habari za choo changu.

Ndivyo ulivyofika. Tumeweka mbao, mkeka mpya na maua, na sidhani kama utajua palikusudiwa nini. Jioni ile ile mlango wa mashariki ukagongwa. Alikuwa Saholy, na mzigo wake, na mwavuli. Alisema, "Nyumba ina mgeni wa heshima namna hii, na mwenyeji ni mwanamume anayepika wali wenye mawe?" Akanipita akaingia jikoni. Sikuwa nimekwenda mara ya tatu. Hotuba yangu yote niliyoiandaa imebaki haijatumika.

Jumapili niliketi mlangoni pa chumba chako nikakusomea barua hii, kwa kuwa ni yako. Sikujua kwamba Saholy anasikiliza jikoni. Nilipofika kwenye ndoo na mkono wangu akanyamazisha sufuria. Nilipofika lalamiko la tatu alicheka hadi akaketi chini, kisha akasema kwa sauti, "Siku tano, si nne. Na aliyeanza kucheza ni wewe." Baba mkwe amekuja kukusalimu, hakuuliza habari za paa, maana mtu hawezi kuitukana nyumba uliyolala wewe. Mama Bakoly naye amekuja. Amekaa chini.

Juzi Jumatatu, mzee, jambo ambalo halijawahi kutokea limetokea. Toky alikuja siku aliyosema. Alikuwa na saruji, mabati, mafundi wanne na macho mekundu. Alisema ataanza na kaburi lako, kisha paa langu, kisha ngazi, na wiki mbili hazitapita atakuwa amekurudisha kwako. Nilimkaribisha kahawa. Nikamkumbusha kwamba Jumatatu haifai kuanzia jambo. Jana alirudi, nikamwambia udongo ni mwiko. Leo nimemwambia asithubutu kupanda paani Jumatano. Amekwenda anakuna kichwa, nasi tumeelewana kuzungumza baada ya gulio.

Kwa hiyo naomba maombi yangu yote yafutwe, na hasa ile ndoto. Usimtokee. Kama umekwisha kumtokea, mtokee tena umwambie asiharakishe. Mvua za Novemba zikianza usiwe na hofu. Chumba chako hakivuji, na sisi tuna mwavuli.